Mbao Saba za Mlango Wangu

Stoo ya nyuma, kwa Mama Pacha
3 Februari

Bobini mwanangu,

Acha nianze mimi kukusalimu, maana nikingoja shikamoo yako kwa barua nitaota mvi nyingine, na hizi zilizopo zinanitosha. Mimi mzima. Mama Pacha anakusalimu. Pacha wake wameng'oka meno ya mbele wiki moja na sasa wanacheka kama vizee. Baba yako naye mzima. Mgongo unamuuma siku za kubeba kitu na unapona siku za kwenda kunywa chai na wenzake. Mtaa mzima bado unamwita Mwalimu, na wale aliowachapa darasani ndio wazee wa baraza la mtaa leo. Wakimwona wanasimama.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu imekufa, na kifo chake ndicho kisa cha barua hii.

Unakumbuka alichoacha bibi yako. Alitamka mbele ya baraza na ikaandikwa: chumba cha mbele ni changu, nilale na nishone humo, mradi nashona. Siku mikono ikinishinda, chumba kinarudi kwa kaka yangu, yaani baba yako. Wewe mwenyewe ulikulia mle baada ya mama yako kufariki, chini ya meza ya kukatia, ukisukuma bobini sakafuni kama magari hadi jina likakuganda.

Basi tarehe 18 Januari, saa tatu asubuhi, nilitoka kununua uzi. Narudi, mlangoni pangu namkuta Kofia, yule dalali asiyeivua kofia yake hata akienda kumpa mtu pole ya msiba. Yuko na wapagazi wawili. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikatoa simu, nikarekodi. Nilijiambia kelele zangu watazisahau kesho, picha hawataisahau. Mlango ukafunguliwa, wakaanza kutoa vitu. Cherehani ya bibi yako waliitupa kwenye ngazi, mkono wake ukapasuka. Nilipovuka kwenda kuwazuia simu ikanidondoka na gari likaikanyaga. Kadi ya ndani ndiyo iliyopona.

Leo chumba changu kimejaa makopo ya rangi ya Kofia. Anatamba kwamba kila mtu anajua mikono yangu inatetemeka, sishoni tena, kwa hiyo chumba hakina mwenyewe. Nani alimpa habari za mikono yangu, sijui. Baba yako hakuwepo. Alisema anakwenda kumzika mwenzake wa zamani wa kazi. Alirudi jioni na begi lake, akainama barabarani na mgongo wake ule, akaniokotea vifungo kimoja kimoja. Na machozi aliyatoa.

Baraza litakaa tarehe 27 Juni. Kadi nimeifunga ndani ya flana hii. Video yenyewe inatikisika mno, huwezi kujua yupi mtu na kipi kivuli. Baba yako anasema niitupe, eti watu wakiona picha inavyoruka wataamini habari za mikono. Mimi nikasema kwenye ukoo huu yuko mtu ambaye kazi yake ni kutuliza picha. Itulize, Bobini. Kila uso uonekane. Sitaki Kofia aniombe radhi, wala sitaki cherehani mpya kutoka kwake. Nataka akae mbele ya watu, kofia mapajani, ajione ukutani akiwa mkubwa kama mlango, na akose pa kuangalia.

Shangazi yako.


Studio
24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikampa bosi wangu aisome. Ni mtu mpole, tunamwita Mzee Harusi kwa kuwa miaka ishirini anapiga picha za maharusi tu, lakini alipofika kwenye cherehani ya bibi alitukana tusi ambalo sikujua kama analo. Mke wangu hajambo. Tumbo sasa linamtangulia mlangoni. Daktari anasema Mei.

Shangazi, moyo umetuna kwa hasira. Ile cherehani ndiyo iliyoshona sare zangu zote. Huyu Kofia atakiona cha mtema kuni, nakuahidi. Nitamwekea mwanga mzuri kama bibi harusi, hadi vinyweleo vya pua wavihesabu.

Kazi yenyewe iko hivi. Programu ya kutuliza picha hutafuta vitu visivyotembea: kona ya dirisha, kichwa cha msumari, doa ukutani. Inavifuata picha kwa picha, na kila picha inaisogeza kidogo ili msumari ubaki palepale. Mtikisiko unaondoka. Jambo moja tu: picha ikisogezwa, pembeni panabaki weusi unaocheza, kwa hiyo tunaikuza kidogo kuuficha. Pembe zinaliwa, ila kidogo sana.

Nimetazama mwanzo tu, maana wiki hii tuna harusi tatu. Cha ajabu, sekunde arobaini za kwanza umeshika simu vizuri kuliko vijana wa hapa studio. Kofia anaonekana wazi, anaelekeza kwa kidole. Mtikisiko unaanza baada ya hapo. Niambie, kufuli walilivunja kwa nini? Nondo, au mkasi wa chuma? Nataka kulitafuta tukio hilo. Wazee wa baraza wakiona chuma kikivunjwa, maneno yanaisha.

Msalimie baba. Mwambie mjukuu yuko njiani.

Bobini wako.


Stoo ya nyuma
9 Machi

Bobini,

Marahaba. Mwambie mkeo alale ubavu wa kushoto na asikubali kubebeshwa ndoo na wewe. Salamu zimefika kwa baba yako. Amefurahi, amemtangazia kila mtu kijiweni kwamba atakuwa babu, kama vile mimba ameibeba yeye.

Ninalala kati ya magunia ya nywele bandia za Mama Pacha, anayesuka watu barazani kwake. Mchana natoka na kiti changu, nashona pembeni ya wateja wake. Kofia hupita hapo kila siku saa nne, akielekea kwenye chumba changu, na kila siku hunisalimia, "Mama, pole na kazi." Namwitikia vizuri kabisa. Ninampima kwa macho tu: shingo inchi kumi na sita, kiuno arobaini na mbili.

Kuna jambo litakalokuchekesha. Ninamshonea baba yako koti la kuvaa siku ya baraza. Nilimwambia, kaka, wewe ndiye utakayekaa upande wangu, usije na shati la mistari lililopauka. Alisitasita, lakini angesemaje? Alikuja kupimwa Jumamosi. Kifua kimeongezeka inchi mbili tangu Januari. Huzuni yangu imemnenepesha. Cherehani haifanyi kazi, kwa hiyo koti zima nalishona kwa mkono, bitana na mifuko na yote. Na nyuma ya ukosi nitatia mishono yangu mitatu myekundu, kama kila nguo iliyotoka mikononi mwangu. Hapa hata watoto wanaijua alama hiyo.

Kuhusu kufuli, usiniulize mimi. Wewe ndiye mwenye programu. Angalia.

Shangazi yako.


Studio
20 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Harusi zimetubana, halafu mafua, halafu kompyuta moja ikaungua, Mzee Harusi akawa haongei na mtu. Mke wangu hajambo, ila miguu imevimba. Huko mvua zimeanza? Hapa zimeanza.

Kwenye kifurushi kuna fleshi. Mwenye duka la fotokopi atakufungulia. Video imetulia vizuri, nadhani utafurahi. Kofia anaonekana mwanzo hadi mwisho, wapagazi wote wawili wanaonekana, na cherehani inavyotupwa inaonekana. Inatosha kabisa kwa kesi. Pembeni pameliwa, kama nilivyokueleza, kwa sababu mtikisiko ulikuwa mkubwa kuliko nilivyodhani. Hakuna namna.

Baba anaendeleaje? Nauliza afya tu. Analala vizuri?

Shangazi, nimekuwa nikiwaza. Labda si lazima kufika mbali. Kofia anaweza kuitwa pembeni, akaondoa makopo yake, kila mtu akashika hamsini zake. Baraza ni mbele ya watu, na mambo ya mbele ya watu hayarudi nyuma. Wewe ndiye mwamuzi, mimi nawaza tu.

Kadi ninayo, nimeihifadhi. Usiwe na wasiwasi nayo.

Bobini wako.


Stoo ya nyuma
2 Mei

Bobini,

Mvua zimeanza. Stoo haivuji. Pacha wameota meno mapya, makubwa kuliko nyuso zao. Hizo ndizo salamu.

Nimekwenda kwa mama wa fotokopi. Amenigeuzia kioo chake kikubwa, akaniacha na kiti. Umefanya kazi safi. Ukuta umesimama, watu wanatembea, hakuna kinachoruka. Niliitazama mara moja kama mtazamaji. Mara ya pili niliitazama kama fundi, nikatoa futi yangu mkobani.

Mlango wangu una mbao saba. Nazipaka mafuta mwenyewe kila mwaka, kwa hiyo nazijua kama vidole. Kwenye video yako, tangu sekunde ya arobaini, nimehesabu nne. Mbao tatu za kushoto hazipo, upande wa kufuli. Upande wa kulia dirisha langu lipo lote na nondo zake tano, na bomba la maji nalo lipo, ambalo halina kesi na mtu yeyote.

Umeniandikia kwamba mashine inakula pembe. Sawa. Hata kitambaa huliwa na mshono. Lakini nusu inchi inaliwa huku na nusu inchi inaliwa kule, ndiyo maana shati linakaa katikati ya kifua. Nikiona nguo imeliwa upande mmoja tu, siulizi mashine. Nauliza nani alishika mkasi.

Nani alishika mkasi, Bobini?

Ulipokuwa na miaka tisa ulikata kitambaa cha mteja kimakosa, ukakikunja vizuri sana na kukiweka chini ya rundo. Nilikijua kwa jinsi kilivyokunjwa vizuri. Nirudishie mbao zangu tatu.

Shangazi yako.


Studio
19 Mei

Shikamoo Shangazi,

Mtoto amezaliwa tarehe 11, wa kike, kilo tatu na robo. Mama yake mzima. Mtoto ana vidole virefu kama vyako. Nilitaka barua hii iwe ya habari hiyo peke yake, imeshindikana.

Mkasi niliushika mimi.

Kufuli halikuvunjwa. Nililitafuta tukio la kuvunja nikakosa, nikadhani limefichwa na mtikisiko. Nikatuliza kipande kile kwa kuishika misumari ya bawaba. Picha ilipotulia, pale kushoto, kando ya mbao ya kwanza, mtu akatokea kutoka uchochoroni. Ana shati la mistari. Ana ufunguo wenye utepe wa kijani, ule aliofunga bibi. Anafungua kufuli kwa utaratibu, analitia mfukoni, anarudi nyuma kumpisha Kofia. Sekunde tisa zote.

Nilikaa na picha ile siku tatu. Nilijaribu kuifanya iwe ya mtu mwingine. Kuna siku nilikaribia kufaulu.

Nikampigia simu baba. Mwanzoni akasema hajui ninachozungumzia, alikuwa mazishini. Nikamwambia kuhusu utepe. Akauliza, "Hiyo video iko kwako peke yako?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi futa."

Nikamwambia, "Baba, ni chumba cha Shangazi."

"Shangazi yako mikono imeshamwisha. Bibi yako alisema mradi anashona. Haoni hata tundu la sindano. Chumba kingerudi kwangu, nami ningempangisha Kofia. Nimerahisisha tu jambo ambalo lingekuja."

"Lakini utavaa koti analokushonea."

"Koti lile watu nitawaambia nimenunua dukani. Na wewe usinifundishe adabu. Mimi ndiye baba yako. Futa, halafu mpelekee kipande cha Kofia, atulie."

Sikufuta, Shangazi. Nilichofanya ni kukata, nikajiambia kukata si kufuta. Nimekuwa mwongo wa kukunja vizuri, kama ulivyosema.

Kuna kitu kingine sikuweza kukaa nacho kimya. Programu huchora mstari wa mtikisiko. Sekunde arobaini mstari wako umelala kama uzi uliovutwa, na Kofia yupo pale pale anapiga kelele. Baada ya hapo unaruka hadi juu ya kioo, na hautulii tena. Unaanza kuruka kwenye picha ileile ambayo baba anatokea. Hauruki kabla wala baadaye.

Ni baba yangu, Shangazi. Sina mwingine. Wazee wale wakimwona ukutani na ufunguo ule, hatakanyaga tena mtaa ule. Niambie unataka nifanye nini. Nitafanya, ila niambie kwanza kama ulijua.

Bobini wako.


Stoo ya nyuma
1 Juni

Bobini, baba wa binti,

Mpe mtoto salamu zangu kabla ya mtu mwingine. Nimemshonea gauni, lipo kwenye kifurushi. Nimeacha nafasi ya kutosha kwenye mishono, ataongezewa akinenepa. Vidole virefu ni mali. Asiharibiwe na simu.

Nilijua.

Nilimwona pale barabarani, kwa macho yangu haya yanayosemwa hayaoni tundu la sindano. Miaka thelathini na moja nashika sindano. Kofia anitetemeshe mikono? Kofia ni mtu wa kuja na kuondoka. Mikono ilitetemeka nilipomwona mtoto wa mama yangu anafungua mlango wa mama yangu kwa utepe wa mama yangu, halafu anajipisha pembeni kama mhudumu wa hoteli. Mstari wako haukukosea.

Jioni aliporudi na lile begi tupu, na akaniokotea vifungo, nilikuwa nimesimama juu yake na mkasi mkubwa mkononi. Nilisema, asante kaka. Tangu siku hiyo sijasema kitu. Chuki nimeilea kwa uangalifu kama ulivyolelewa wewe, kwa chakula cha saa zake.

Utaniuliza kwa nini basi nikuletee wewe. Mama wa fotokopi ana mpwa anayejua kutuliza picha, yuko hatua mia kutoka hapa. Sikumpelekea. Nilitaka wewe. Baba yako ana heshima ya mtaa mzima, lakini kitu kimoja tu ndicho anachokipenda, nacho ni jinsi unavyomtazama. Nilitaka hicho kwanza. Nilitaka damu yake ndiyo imtoe gizani kidogo kidogo, picha kwa picha, kwa mkono wake. Ni ukatili, najua, na umekupata usiye na kosa. Nakuonea huruma. Radhi sikuombi.

Nawe ukaenda ukamkatia pembeni. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikasema, angalau amekata vibaya. Mtu mwenye nia ya kweli angekata pande zote.

Sasa sikiliza. Kadi uliyo nayo ni nakala. Mama wa fotokopi aliinakili tarehe 2 Februari bila kuitazama. Kadi ya asili ni ndogo kama ukucha wa kidole kidogo, na nilifikiri sana pa kuiweka. Stooni inaweza kuibiwa. Kwa Mama Pacha kuna watoto. Nikatafuta mahali ambapo baba yako hatapekua kamwe.

Imo kwenye koti lake. Nyuma ya ukosi, ndani ya kipande cha nailoni, chini ya mishono mitatu myekundu. Amelivaa Jumapili nne sasa. Analipiga pasi mwenyewe, nimemwambia ukosi usiguswe na moto, utaharibika. Anautunza vizuri sana.

Tarehe 27 atakaa upande wangu akiwa amelivaa. Kofia atasimama aseme sishoni tena. Nitawaomba wazee wamwambie Mwalimu avue koti, walikague, ndani na nje, mishono yote ya mkono. Akisema kalinunua dukani, nitawaomba wageuze ukosi. Kisha nitafumua nyuzi zangu tatu mbele yao, na mtaona wenyewe kama mikono inatetemeka. Kinachotoka humo kitawekwa ukutani. Kofia ataangalia pembeni, na huko pembeni atamkuta kaka yangu.

Nataka uje na mashine yako ya kurushia picha. Uweke ya kwangu kama ilivyo, inayoruka, na kando yake uweke iliyotulia, yenye mbao saba. Weusi uache ucheze pembeni. Usikuze chochote.

Ukipenda, mwambie. Mpigie leo hii, umwambie atafute kiwembe afumue ukosi. Sitakuzuia na sitakulaani. Kadi ikipotea nitabaki na nakala iliyo kwako, na wewe utabaki na uamuzi wako. Ule mlango ulikuwa na funguo mbili, wangu na ule wa utepe. Safari hii pia ziko mbili, na mmoja umeshika wewe.

Shangazi yako.


Studio
20 Juni

Shikamoo Shangazi,

Gauni limemkaa sawasawa. Mama yake amelikagua ndani, akaniuliza mishono hii mitatu myekundu ni ya nini. Nimemwambia ni jina la shangazi yangu.

Nitafika tarehe 26 kwa basi la asubuhi. Mzee Harusi ameniazima mashine ya kurushia picha na kitambaa cheupe cha mita tatu. Ametaka kuja mwenyewe, nimemkatalia. Video zote mbili ziko tayari, ya kwako na ya mbao saba. Weusi nimeuacha.

Barua yako imekaa mfukoni mwangu wiki mbili. Mara tatu nimeshika simu nimpigie baba. Mara ya tatu nilikuwa nimembeba mtoto kwa mkono mmoja, na nikajikuta nawaza siku moja atanitazama vipi. Nikairudisha simu mezani.

Jana alinipigia yeye. Alimuulizia mjukuu, akauliza kama nilifuta. Nikasema, "Kila kitu kiko sawa, Baba." Akashusha pumzi, akaanza kunieleza habari za baraza, nani atakaa wapi, kwamba wazee wawili aliwafundisha darasa la nne. Akasema ukosi wa lile koti unamwasha shingoni kidogo, na siku hiyo kutakuwa na joto. Akauliza, kwa maoni yangu, aende na koti au aende na shati tu.

Nimemwambia avae koti.

Bobini wako.